Mkopo wa halmashauri ulitufikia Februari, alizeti huvunwa Juni. Hesabu zote hizi hapa

#1 MamaMashudu

Wakuu, habari za jioni. Jana kwenye uzi wa mikopo ya asilimia 10 kuna mtu aliandika kwamba vikundi vya wanawake havirejeshi kwa sababu "hawana elimu ya biashara". Nilianza kumjibu palepale, jibu likawa refu kuliko uzi wenyewe, nikaona nifungue wangu. Nilikuwa mhazini wa kikundi cha wanawake 10 mkoani Singida, tunakamua alizeti. Halmashauri siitaji, msinifuate inboksi kuniuliza.

Kwa ambaye hajawahi kuigusa hiyo fedha: kila halmashauri inatakiwa itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ikopeshe bila riba. Asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Zamani yalikuwa maelekezo tu, mkurugenzi akijisikia anatenga, asipojisikia hatengi. Mwaka 2018 ikaingia kwenye sheria, kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, na kanuni zikafuata 2019. Mwaka huo vikundi viliota kama uyoga baada ya mvua, na sisi tulikuwa miongoni mwa huo uyoga.

Tulitakiwa kuwa na katiba, muhtasari wa kikao, cheti cha usajili, akaunti ya benki, barua ya mtendaji na andiko la mradi. Andiko ndilo lililotupeleka stesheneri. Kijana wa pale alikuwa nalo tayari kwenye kompyuta, anabadilisha jina la kikundi tu, anaprinti, elfu 15. Tulilipeleka hivyohivyo. Siku ya kuhojiwa mjumbe mmoja wa kamati akatuuliza, "Hawa kuku 300 kwenye ukurasa wa nne ni wa nini?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Mwenyekiti wetu, Mungu ambariki, akasema kuku watakula mashudu, yaani makapi ya alizeti iliyokamuliwa. Tukapita.

Tuliomba Aprili 2019 kwa makusudi, kwa sababu alizeti huanza kuingia Mei, Juni na Julai ndiyo imejaa. Faili likaenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, likapanda kamati ya kata, likapanda halmashauri, likarudishwa kwa kuwa muhtasari ulikosa sahihi moja, likapanda tena. Fedha ilisoma kwenye akaunti Februari 2020. Milioni 10.

Ngoja nikahudumie mteja, narudi na hesabu.

#2 Kishoka_Mtoro

Siti ya mbele nimekalia. Mtu asinizibe.

#3 zege_halilali

Kuku watakula mashudu 😂😂 huyo mwenyekiti agombee udiwani

#4 MamaMashudu

Nimerudi. Shikeni kalamu.

Gunia moja la alizeti kwa mashine ndogo za huku hutoa lita 18 hivi za mafuta na kilo 40 za mashudu. Kukamua 6,000. Usafiri, vidumu na lebo, weka 4,000.

Juni 2019, wakati faili letu linapanda na kushuka, gunia lilikuwa 38,000. Kwa hiyo gharama yote 48,000. Mafuta lita moja 3,200, mara 18 ni 57,600. Mashudu kilo moja 250, mara 40 ni 10,000. Jumla 67,600. Faida 19,600 kwa gunia.

Februari 2020, fedha mkononi, gunia 62,000. Ongeza 10,000 ileile, 72,000. Mafuta lita 3,500, inakuwa 63,000. Mashudu yamepanda hadi 300, ni 12,000. Jumla 75,000. Faida 3,000.

Mtaniuliza kwa nini mbegu ilipanda sana na mafuta yakapanda kidogo. Kwa sababu bei ya mafuta dukani haifuati shamba la Singida, inafuata mawese yanayoshushwa bandarini. Mwenye duka ana ndoo ya mawese pembeni, ukimwambia alizeti imeadimika anakujibu pole, anachota kwingine. Mbegu ndiyo inayopanda kwa sababu waliobaki nayo Februari ni wachache, tena ni wale wenye ghala na subira.

Tulinunua magunia 60 kwa 3,720,000. Faida ya magunia 60 ni 180,000. Wanawake 10, kila mmoja 18,000, kwa kazi ya karibu miezi mitatu. Fedha ileile Juni ingenunua magunia 97 na kutuachia karibu milioni 1.9.

Wanawake walewale, akili zilezile, mafunzo yaleyale ya siku mbili tuliyopewa pale ukumbini tukala na wali. Kilichobadilika ni mwezi.

#5 Tozo_Kali

Dada, samahani, nikuulize kama mfanyabiashara. Fedha imeingia Februari na unajua msimu ni Juni. Si ungeiacha benki miezi minne? Hapo ndipo elimu ya biashara ninayoisema mimi. Na hesabu yako ina milioni 3.7 tu, mkopo ulikuwa 10. Nyingine iko wapi?

#6 MamaMashudu

@Tozo_Kali kumbe ni wewe, karibu. Maswali yako yote mawili ni ya haki.

Kuiacha benki tulijaribu. Sehemu yake tuliiacha. Wiki ya tatu akaja afisa na daftari: mradi uko wapi? Tukamwambia fedha ipo, tunasubiri msimu. Akatutazama kama watu waliokula hela wakaanza kutafuta maneno. Nami simlaumu, ameshaona vikundi vinavyogawana fedha siku ileile palepale nje ya benki. Kwa jicho la mkaguzi, fedha iliyotulia na fedha iliyoliwa zinafanana, zote hazina bango la mradi. Halafu mkataba wetu ulikuwa na miezi mitatu ya kupumua, kisha marejesho 500,000 kila mwezi kwa miezi 20. Saa ilianza kuhesabu siku fedha iliposoma, haikusubiri alizeti ichanue.

Ile nyingine ilinunua mashine. Milioni 5.5 pamoja na mota. Sisi tulitaka mtaji wa kununulia mbegu, kukamua tungeendelea kwa jirani kwa 6,000 yake. Lakini kwenye kamati tuliambiwa kinagaubaga kwamba andiko lenye mashine ndilo lina nguvu. Mashine unaipiga picha. Mgeni akija anakata utepe. Magunia ya alizeti utayapiga picha leo, mwezi ujao hayapo, yamekuwa mafuta, utamwambia nini mgeni?

Mashine yenyewe inataka umeme wa njia tatu, na mtaani kwetu wakati ule kulikuwa na wa njia moja. Ilikaa uani kwangu chini ya turubai kuanzia Machi hadi mwishoni mwa Septemba. Kuku wangu alipata mahali, akataga mayai 9 kwenye ule mdomo wa kumiminia mbegu, akaatamia. Kwa hiyo andiko halikusema uongo, kuku walikuwepo.

#7 zege_halilali

Hapa nimecheka nikamwaga chai kwenye kibodi ya ofisi

#8 Msigala_wa_Kata

Nimekuwa afisa maendeleo ya jamii kwa miaka mingi, sasa nimestaafu, kwa hiyo naongea nikiwa huru.

Mama, nakubaliana nawe, ila ngoja nikuonyeshe kwa nini Februari. Haikuwa bahati mbaya. Hii asilimia 10 inatokana na mapato ya ndani. Halmashauri ya vijijini, hasa ya mikoa ya mazao, mapato yake makubwa ni nini? Ushuru wa mazao. Ushuru wa mazao unakusanywa lini? Wakulima wanapouza, yaani Juni mpaka Septemba. Kabla ya hapo sanduku la halmashauri ni kavu, mtendaji wa kata anatafuta hata hela ya karatasi.

Fedha ikishakusanywa, inasubiri kikao. Baraza la madiwani hukaa kwa robo. Makusanyo ya Julai hadi Septemba yanajadiliwa Oktoba au Novemba, orodha ya vikundi inapitiwa, wengine wanakatwa, wengine wanaongezwa (tusiongee wanaongezwaje), mikataba inasainiwa Desemba, halafu sikukuu. Hundi inatoka Januari, Februari. Sasa kaangalie: fedha ya kununulia alizeti inatokana na ushuru wa alizeti iliyokwisha kuuzwa. Haiwezi kuwahi, imezaliwa nyuma ya msimu.

Halmashauri za mijini hawana tabu hii. Kule mapato ni leseni na kodi za vibanda, yanaingia mwaka mzima. Ndiyo maana mama ntilie wa mjini mkopo unamfaa mwezi wowote.

#9 MamaMashudu

@Msigala_wa_Kata mzee wangu, shikamoo. Miaka yote hii nilidhani ni uzembe wa mtu fulani mwenye tumbo kubwa. Hakuna aliyewahi kunieleza hivi.

#10 Msigala_wa_Kata

Marahaba mwanangu. Uzembe nao ulikuwepo, usiufute kabisa.

#11 boda_wa_Mbagala

Mimi nitatoa ushuhuda wa upande wa vijana wa Dar, 2021. Tulikuwa watano, hatukuwa tunajuana vizuri, wawili nilikutana nao siku ya kusaini. Kikundi kilitengenezwa kwa ajili ya mkopo, sio mkopo kwa ajili ya kikundi. Tukachukua pikipiki. Mwezi wa tano mmoja akahamia Tunduma na pikipiki yake, namba ya simu haipatikani. Deni ni la kikundi, kwa hiyo sisi wanne tunamlipia. Wa pili akaona upuuzi, naye akaacha. Hapo ndipo vikundi vinapofia wakuu. Msimu kwa boda hakuna, abiria yupo kila siku, ila nidhamu ya mtu usiyemjua huwezi kuikopa halmashauri.

Sasa hivi nalipa mwenyewe kidogokidogo. Nikipita ofisi ya kata navaa helmeti.

#12 Kishoka_Mtoro

Navaa helmeti 😂 Ila jamani ndio maana 2023 walifunga bomba. Ripoti ya CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ilitoka na vikundi hewa na mabilioni yasiyorudi, Aprili hiyo Waziri Mkuu akasimama bungeni akasimamisha mikopo yote mpaka utaratibu mpya upatikane. Ikarudi 2024, na halmashauri 10 zikawekwa kwenye majaribio ya kukopesha kupitia benki, Jiji la Dodoma na Manispaa ya Songea zikiwemo. Swali langu kwa mama: benki ingekusaidia?

#13 MamaMashudu

Kwa boda wa Mbagala ingesaidia, kwa sababu benki ina mtu wa kumfuata yule wa Tunduma. Kwangu mimi sioni. Benki ikitoa fedha Februari, itakuwa Februari ya benki.

Ninachowaza kuhusu benki ni kingine. Korosho za Mtwara zinakwenda kwa stakabadhi za ghala, sheria yake ipo tangu 2005. Unaweka mzigo ghalani, unapewa karatasi, karatasi inathibitisha mali yako. Fikiria kikundi kinaweka magunia 100 Juni kwenye ghala la kata lenye mizani ya kuaminika na kufuli, halafu kinakopa juu ya magunia yale. Mkaguzi akija anaona magunia, anayahesabu kwa kidole. Na wewe hulazimiki kuuza Julai kwa sababu mtoto anaumwa.

#14 Nyakwar_Kibra

Niaje wadau, salamu kutoka Nairobi. Nimefuata huu uzi kwa makini maana huku kwetu stori ni ileile, jina tu ndilo tofauti. Tumekuwa na Hazina ya Vijana tangu 2006, ya Wanawake 2007, Uwezo Fund 2013, kisha Hustler Fund Novemba 2022. Hii ya mwisho haikuulizi andiko wala kuku. Unabonyeza *254#, unapata kuanzia shilingi 500, riba asilimia 8 kwa mwaka. Haraka kweli, lakini unarudisha ndani ya siku 14! Mama mboga akinunua sukuma wiki asubuhi anauza jioni, hiyo inamfaa. Mkulima wa alizeti katika siku 14 atakuwa bado anapalilia.

Kwa hivyo mimi nasema tatizo sio Tanzania pekee yake. Anayetoa pesa anachora kalenda akiwa ofisini. Huku chama changu tulikataa za serikali kabisa, tunakopeshana wenyewe. Mama, nyinyi hamkuwa na chama?

#15 MamaMashudu

Tulikuwa nacho, na hapo ndipo hadithi yangu inapogeuka, ndugu yangu wa Kibra. Nilitaka kufika hapo toka mwanzo, Tozo_Kali akanichelewesha.

Marejesho yalianza Juni 2020. Kumbukeni miezi mitatu ya kupumua imeisha Mei. Kwa hiyo alizeti inaingia sokoni, gunia liko 40,000 barabarani, na kila mwezi inabidi nipeleke benki 500,000. Hayo ni magunia 12 na nusu ya kila mwezi, katika miezi ambayo ndiyo ya kununua. Mkopo ulikuja tusipouhitaji, ukaanza kuondoka tulipouhitaji. Juni tulilipa, Julai tulilipa, Agosti tukashindwa. Wanawake watano wakajitoa. Mmoja aliniambia, "Mhazini, mimi nilikuja kutafuta hela, sikuja kuitafutia serikali." Sikuwa na la kumjibu.

Tukabaki watano na deni la milioni 9.

Kumbe wote watano tulikuwa kwenye kikoba kimoja cha mtaani, watu 22, chenye lile sanduku la kufuli tatu, funguo kwa wanawake watatu wasio ndugu. Hisa 2,000, mwisho hisa tano kwa wiki. Kila Desemba tunavunja, kila mtu anachukua chake na faida, unanunua mchele na kitenge, Januari unaanza upya mikono mitupu. Kwa mwaka lile sanduku lilikuwa linafikisha milioni 6 na ushee. Milioni 6, jamani! Bila andiko. Na tulikuwa tunazitoa Desemba, miezi sita kabla hazijahitajika na miezi sita baada ya kuhitajika. Sisi wenyewe, bila kulazimishwa na diwani yeyote, tulikuwa na Februari yetu.

Novemba 2020 nikasimama kikaoni nikasema tusivunje Desemba, tuvunje wiki ya mwisho ya Mei. Nilizomewa. Bibi mmoja akasema anataka kuila Krismasi yake akiwa bado ana meno. Wengine walikuwa na hoja nzito kuliko hiyo: Januari kuna sare, madaftari na viatu vya shule. Tulibishana vikao vitatu. Tukaishia kugawa mara mbili, nusu Desemba na nusu Mei.

Mei 2021 tukachukua nusu yetu, kila mtu akanunua magunia yake, tukayahifadhi chumba kimoja, tukayaandika kwa majina. Mashine ilishapata umeme. Tulikamua kidogokidogo kadiri bei inavyokwenda, na watu wa mtaani wakaleta mbegu zao tukawakamulia kwa 5,000. Ile mashine niliyoilaani ndiyo iliyolipa sehemu kubwa ya deni, nakiri. Kwa mkataba tulitakiwa kumaliza Januari 2022. Tulimaliza Agosti 2022, miezi saba nje, tena bila mtu kuuza kitanda.

#16 Bi_Kidude_wa_Mtandao

Asalaam alaykum. Huku Unguja nasi vikoba tunavyo sana. Wenye umri watakumbuka kwamba vililetwa na shirika la misaada la CARE karibu na msitu wa Jozani, na wao waliuchukua mtindo huo Niger, ulikoanza 1991 kwa jina la Kihausa, Mata Masu Dubara. Nasikia maana yake ni wanawake wenye mbinu. Basi sanduku la kufuli tatu limetembea kutoka jangwani hadi kwetu kwenye mikarafuu.

Mwanangu MamaMashudu, hilo la kuvunja kwa msimu sisi wakulima wa mwani tulilipitia. Mwani hauna msimu mmoja, lakini kusi ikivuma kuna wakati unakatika wote, ndipo unapotaka fedha. Tukaacha kuvunja Ramadhani. Ugomvi wake usiuulize.

#17 Tozo_Kali

Nimesoma #15 mara mbili. Nafuta kauli ya elimu ya biashara kwa upande wako. Ila nisiwe mnafiki, naona umepata bahati. Mtu akinunua Juni na kuhifadhi, anacheza kamari ya bei. Ingeshuka je?

#18 MamaMashudu

Ilishuka.

Juni 2022 mafuta yalikuwa ghali dunia nzima, alizeti nayo ikapanda, tukanunua ghali tukijua Januari itakuwa ghali zaidi. Mwaka huo wa fedha mafuta ya nje yakaingia kwa ushuru nafuu. Mwanzoni mwa 2023 bei imeporomoka, na sisi tuna magunia 41 chumbani yanatutazama. Kila gunia tuliuza kwa hasara. Wakulima wa Singida wote wanaukumbuka mwaka ule.

Lakini sikia tofauti. Hasara ile ilikuwa ya hisa zetu. Mei iliyofuata mgao ulikuwa mdogo, tukanuna, tukaanza tena. Ingekuwa ni fedha ya mkopo yenye 500,000 kila mwezi, leo ningekuwa na helmeti kama boda wa Mbagala.

#19 boda_wa_Mbagala

Helmeti ninayo ya ziada, karibu.

#20 mwenye_fimbo_nyeupe

Naomba niguse ile asilimia 2 ambayo huwa inapitwa kimya. Mimi ni mtu mwenye ulemavu wa macho, nafuma mazulia ya makamba na vikapu. Mwanzo walitaka tuwe kikundi, na kwenye kata yangu wenye ulemavu tunaotaka biashara tulikuwa wawili, kila mmoja na kazi yake. Baadaye kanuni zikalegezwa, mtu mwenye ulemavu anaweza kukopa hata akiwa mmoja. Hilo lilinifungulia mlango. Lakini fomu zenyewe ni za karatasi, nasomewa na mtu, nasaini nisichokiona. Nilichosaini nilikijua siku ya kwanza ya marejesho.

Mteja wangu mkubwa alikuwa ofisi moja ya umma iliyotaka mazulia ya milangoni, walichukua 30 kwa mara moja. Oda ile ilinisaidia kuliko mkopo. Kuna asilimia 30 ya zabuni za umma ambayo sheria ya ununuzi inataka itengwe kwa makundi yetu. Watu wanaimba asilimia 10 tu, hiyo 30 hawaigusi.

#21 Nyakwar_Kibra

@mwenye_fimbo_nyeupe umeongea point kubwa sana. Huku pia tuko na asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Shida ni kulipwa. Unapeleka bidhaa, unasubiri malipo hadi unasahau uliuza nini.

#22 MamaMashudu

@mwenye_fimbo_nyeupe hilo la oda limenigusa. Shule tatu za bweni ziko hapa jirani, zote zinapikia mawese. Hatukuwahi hata kubisha hodi. Tulikwenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, kuchukua barua ya kwenda TBS, shirika la viwango, mjasiriamali mdogo mwanzoni halipii alama ya ubora, tukapata alama, tukaibandika kwenye kidumu, tukakaa kusubiri wateja waione. Jumatatu nakwenda kubisha hodi.

#23 Msigala_wa_Kata

Turudi kwa fedha kidogo. Mama, 2024 ilipofunguliwa tena mliomba?

#24 MamaMashudu

Tuliomba mzee wangu, lakini safari hii tukaandika wenyewe, kwa mkono, kurasa mbili, bila kuku. Tuliomba mambo matatu: mkataba usainiwe Aprili, marejesho yaanze Novemba, na tulipe mara nne kwa mafungu makubwa badala ya kila mwezi. Mashine hatukuomba.

Afisa wa sasa ni binti mdogo, msikivu. Alisoma yote mbele yetu. Mafungu manne akasema atayapigania na kamati. Novemba akasema pengine. Aprili akacheka, sio kwa dharau, akafungua droo akanionyesha taarifa ya makusanyo ya ile robo. Haikuwepo fedha. Ni yaleyale uliyoyaeleza #8, ila wakati ule sikujua ninachotazama.

Nikamuuliza: fedha ya Januari mnaweza kuiweka mpaka Aprili? Akasema ikifika Juni 30 haijatoka, yeye ndiye atakayeandika maelezo. Nikamwelewa. Tuliondoa ombi letu kwa amani.

Tulichomwomba badala yake ni mizani na darasa moja bovu lililoachwa na shule ya msingi lifanywe ghala. Hivyo havina msimu. Barua iko kwake mpaka leo.

#25 Msigala_wa_Kata

Ghala litapita kwa mpango wa maendeleo wa kata, sio kwa dirisha la mikopo. Msimwachie binti peke yake. Mnong'onezeni diwani kabla vikao vya bajeti havijaanza. Bajeti ya mwaka ujao huanza kupikwa mapema mno, mkienda Machi mtakuta sufuria limeshaoshwa.

#26 mtoto_wa_Iramba_Muscat

Habari zenu wote. Mimi ni mtoto wa Iramba, hapohapo Singida, niko Muscat nafanya kazi za hoteli mwaka wa sita. Nimesoma uzi wote nikiwa zamu ya usiku. Mama, kila mwaka natuma hela nyumbani mwezi wa 12, zinaisha kwa sikukuu, sioni kilichobaki. Nina kama milioni 2 za Tanzania hapa mkononi. Nikutumie leo, niingie na nyinyi?

#27 MamaMashudu

Mwanangu, Mungu akuzidishie. Leo usitume.

Leo ukituma nitanunua alizeti ya bei mbaya, au nitamkopesha shemeji. Ziache hukohuko. Kuanzia tarehe 20 Mei ndipo utume, na usitume kwangu, kwenye simu yangu hata elfu 10 isije. Kuna akaunti ya kikundi yenye sahihi tatu, nayo hatutaibandika hapa jukwaani. Mama yako au dada yako wa hapo Iramba aje kikaoni, tunakaa Jumapili saa 9 alasiri, aone sanduku, ahesabu, aulize maswali mabaya. Akiridhika ataandikwa yeye kama mwanachama na hisa zitasoma jina lake. Magunia yako tutayaandika kwa rangi ya kijani ili yasichanganyike.

Na ukae ukijua la 2023 linaweza kurudi.

#28 mtoto_wa_Iramba_Muscat

Nimeelewa mama. Nimeweka alamu kwenye simu, Mei 20. Dada atakuja Jumapili hii, anaitwa wa maswali mabaya tangu utoto.

#29 Kishoka_Mtoro

Uzi mtamu, nimejifunza. Swali la mwisho mama, limenikosesha usingizi toka #6. Yule kuku aliyeatamia kwenye mashine aliishia wapi?

#30 MamaMashudu

Aliangua vifaranga 7. Yeye mwenyewe tulimla Krismasi ya 2020, ile ya mgao wa nusu.